Mchezo Huishi kwa Kuchezwa

Utangulizi

Wahenga walinena: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii yafaa kuwa mlango wa makala haya, kwani tunakusudia kuzungumza juu ya michezo ya video, ambayo kila mwaka huzaliwa mipya, na kila mwaka ile ya zamani husukumwa kando. Yamkini msomaji atauliza: michezo hiyo, iliyozaliwa ng'ambo, ina uhusiano gani na utamaduni wa taifa letu? Jibu letu ni kwamba mchezo wowote, uwe wa kete au wa kioo, ni sehemu ya maarifa ya watu, na maarifa yasipotunzwa hupotea. Historia ya michezo ya video ni fupi mno. Wapo wazee wanaoishi hadi leo waliozaliwa kabla yake. Kwa hiyo twaweza kuitazama yote, na kuona namna mchezo unavyobuniwa, unavyopendwa, unavyotupwa, na hatimaye unavyotafutwa tena na wale wale waliokuwa wameutupa. Humo mna funzo kwetu sisi wenye bao.

Kwa jina la michezo ya video tunakusudia michezo yote ambayo mchezaji huongoza picha katika kioo cha televisheni, cha kompyuta au cha simu, naye hushindana na mwenzake au na mashine yenyewe. Vijana wetu huiita gemu. Katika makala haya tutaeleza kwanza asili yake, kisha tutachunguza kwa nini watu huirudia ile ya zamani, na mwisho tutarejea barazani kwetu.

Asili ya michezo hii

Mwezi wa Oktoba 1958, katika maabara ya Brookhaven iliyoko jimbo la New York, Marekani, mwanafizikia William Higinbotham alitengeneza mchezo wa tenisi kwa ajili ya siku ya wageni. Hakuwa na televisheni. Alitumia chombo cha maabara kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwa nukta ya nuru. Nukta ile ikawa mpira, na mstari mfupi uliosimama katikati ukawa wavu. Wageni walipanga foleni ili wacheze. Mwaka uliofuata mchezo ulionyeshwa tena, kisha mitambo yake ikafumuliwa na vipande vyake vikatumiwa katika kazi nyingine. Hakuna aliyeona kuwa kuna hasara yoyote. Lakini mwaka 1997, maabara hiyo ilipoadhimisha miaka 50 tangu kuanzishwa, wataalamu wake waliona haja ya kuujenga upya mchezo ule. Watu walilazimika kutafuta upya kitu ambacho nyumba yao wenyewe ndiyo iliyokivunja.

Mwaka 1962, katika chuo cha MIT, Steve Russell na wenzake walikamilisha mchezo wa vita vya vyombo vya angani walioupa jina la Spacewar. Uliendeshwa na kompyuta aina ya PDP-1, mashine kubwa kama kabati kadhaa zilizopangwa pamoja. Vijana wale hawakuuza kitu. Programu yao ilinakiliwa na kupelekwa kokote kulikokuwa na mashine ya namna hiyo, na kila mahali watu waliongeza ufundi wao. Leo jumba la makumbusho ya kompyuta lililoko Mountain View, California, lina PDP-1 iliyotengenezwa upya na mafundi wa kujitolea, na mchezo ule ungali ukichezwa juu yake.

Biashara ilishika kasi mwaka 1972. Katika mwaka huo Ralph Baer, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani mwaka 1938, aliona uvumbuzi wake ukiingia madukani kwa jina la Odyssey. Hiyo ilikuwa mashine ya kwanza ya kucheza nyumbani kwa kutumia televisheni. Uwezo wake ulikuwa mdogo. Iliweza kuchora nukta chache na mstari tu, hata mnunuzi alipewa karatasi za plastiki zenye rangi ili abandike juu ya kioo, ndipo apate sura ya uwanja. Mwaka huo huo kampuni ya Atari ilianzishwa, na fundi wake Allan Alcorn akatengeneza Pong, mchezo wa kupigiana mpira uliowekwa katika vilabu vya pombe na kuchezwa kwa kutumbukiza sarafu.

Kutoka Marekani ufundi huu ulivuka bahari hadi Japani. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado alitoa Space Invaders, na mwaka 1980 Toru Iwatani akatoa Pac-Man. Mwaka 1984 huko Moscow, katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Urusi ya Kisovieti, Alexey Pajitnov alibuni Tetris. Mashine aliyokuwa nayo haikuweza kuchora picha, kwa hiyo matofali ya mchezo wake aliyaunda kwa alama za mabano. Wazo lenyewe alilipata katika fumbo la kale la kupanga vipande ndani ya kisanduku. Twaona basi kwamba hata mchezo uliosifiwa kwa upya wake ulikuwa mtoto wa mchezo wa zamani. Tena Nintendo, kampuni ya Kyoto ambayo mwaka 1983 ilitoa mashine iliyoingia katika nyumba nyingi za dunia, ilianzishwa mwaka 1889 kwa kutengeneza karata za Kijapani.

Na huku kwetu je? Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kazi yake haikuwa mchezo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi katika miaka hiyo ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo michezo ya video iliwafikia wengi wetu ikiwa tayari imepita ujana wake. Iliingia mitaani kwa njia ya vibanda, ambamo mashine zilizokwisha kuachwa ng'ambo zilifungwa kwenye televisheni ndogo, na watoto wakalipia kila mchezo. Sisi tuliozaliwa kabla ya vibanda hivyo tulikuwa na baraza, na barazani palikuwa na bao.

Kaseti zilizozikwa

Mwaka 1983 biashara ya michezo ya video ilianguka vibaya huko Marekani. Kampuni zilikuwa zimetoa michezo mingi kupita kiasi, mingi yake ikiwa haina ladha. Mfano unaotajwa mara nyingi ni mchezo uliotokana na filamu ya E.T. Mtengenezaji wake, Howard Scott Warshaw, alipewa muda wa wiki tano hivi kuukamilisha ili uwahi sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1982. Watu hawakuupenda, na kaseti nyingi hazikuuzwa. Mwezi wa Septemba 1983 malori yalibeba shehena ya kaseti za michezo mbalimbali hadi kwenye jalala la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico, zikazikwa, na juu yake ikamwagwa saruji.

Miaka zaidi ya 30 ikapita. Mwezi wa Aprili 2014, mbele ya watu waliosafiri kutoka mbali ili kushuhudia, jalala lile lilifukuliwa. Kaseti zipatazo 1,300 zilitolewa. Baadhi ziliuzwa kwa mnada, baadhi zikapelekwa makumbusho, na nakala moja ya E.T. ikapokewa na taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Kitu kilichokuwa taka mwaka 1983 kilikuwa urithi mwaka 2014, wala kaseti yenyewe haikuwa imebadilika. Waliobadilika ni watu, ambao walikuwa wamekua, wakatamani kuuona tena utoto wao.

Kwa nini wachezaji huirudia ya zamani

Ingekuwa rahisi kusema kwamba watu huirudia michezo ya kale kwa ajili ya kumbukumbu tu. Kumbukumbu ni kweli ipo. Mtu akiisikia sauti ya mchezo aliocheza akiwa na umri wa miaka kumi, hukumbuka chumba, ndugu zake, na hata chakula kilichokuwa kikipikwa. Lakini kumbukumbu pekee haitoshi kueleza jambo hili, maana miongoni mwa wanaoirudia michezo hiyo wamo vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotolewa.

Sababu ya pili ni kwamba mchezo mzuri hauishi haraka. Tetris iliyotolewa kwa mashine ya Nintendo mwaka 1989 ni mfano ulio wazi. Kwa miaka mingi wachezaji waliamini kwamba ngazi ya 29 ndiyo mwisho, kwa kuwa hapo matofali huanguka kwa kasi ambayo kidole cha mwanadamu hakikudhaniwa kuiweza. Baadaye wachache wakavumbua namna mpya ya kutetemesha kidole juu ya kitufe, kisha wengine wakavumbua namna ya kukigonga kifaa kutoka chini kwa vidole kadhaa vikifuatana. Ngazi zikapandwa moja baada ya nyingine. Mnamo tarehe 21 Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa jimbo la Oklahoma alifika ngazi ya 157, na mashine ikakwama, kwa kuwa programu yake ilishindwa kuendelea. Hapakuwa na mwanadamu aliyepata kuufikisha mchezo huo hapo kabla yake. Mchezo uliodhaniwa kuwa umekwisha ulikuwa na hazina ambayo haikuwa imeguswa, na aliyeigusa ni mtoto aliyezaliwa miaka zaidi ya 20 baada ya mchezo kutoka.

Sababu ya tatu ni ufundi unaozaliwa na uhaba. Katika Space Invaders maadui huenda kwa kasi zaidi kadiri wanavyopungua, na moyo wa mchezaji hudunda nao. Jambo hilo halikupangwa tangu mwanzo. Mashine ilikuwa dhaifu, na kila adui alipoondolewa ilibaki na picha chache za kuchora, ikaharakisha. Nishikado aliiona hali hiyo, akaiacha iwe sehemu ya mchezo. Sisi tunaotunga mashairi twalielewa jambo hili bila ya kufundishwa. Mizani kumi na sita ya mshororo ni kifungo, na mara nyingi ni kifungo hicho kinachomlazimisha mtunzi kulipata neno ambalo asingelitafuta kama angekuwa huru. Michezo mipya ina mashine zenye nguvu nyingi na picha zinazokaribia uhalisi, nayo ina sifa zake ambazo hatuzikatai. Lakini wingi wa nguvu haukuondoa thamani ya kile kilichofanywa kwa nguvu kidogo.

Kampuni zenyewe zimelitambua jambo hili. Final Fantasy VII, iliyotolewa mwaka 1997, ilianza kutengenezwa upya, na sehemu yake ya kwanza ikatolewa mwaka 2020. Resident Evil 2 ya mwaka 1998 ilitolewa upya mwaka 2019. Wachezaji walizipokea kwa furaha, lakini wengi wao waliirudia ile ya awali ili walinganishe. Na hivyo ndivyo inavyopasa. Nakala mpya ni ufafanuzi wa kazi ya kwanza, wala haiwezi kukalia kiti chake.

Tatizo la kuhifadhi

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Mwezi wa Julai 2023 shirika la Marekani liitwalo Video Game History Foundation lilitoa matokeo ya uchunguzi wake. Lilikuta kwamba katika kila michezo 100 ya zamani iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010, michezo 87 haipatikani tena madukani kwa njia ya kawaida. Anayetaka kuicheza hana budi kutafuta kaseti kuukuu na mashine inayoiendesha, au kwenda kwenye maktaba maalum, au kutumia nakala isiyo halali.

Sababu zake ni nyingi. Mashine huharibika, na vipuri vyake havitengenezwi tena. Betri ndogo iliyo ndani ya kaseti, inayotunza hatua aliyofikia mchezaji, hukauka. Televisheni za kioo kinene, ambazo michezo ya zamani ilichorwa kwa ajili yake, zimeondoka viwandani. Juu ya hayo kuna suala la haki. Kampuni hufa au huuzwa, na pengine hajulikani mwenye idhini ya kuutoa mchezo tena. Mwezi wa Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba kuwafungulia watafiti michezo ya zamani wakiwa mbali na jengo la maktaba.

Michezo mipya nayo ina udhaifu wake. Mingi haiwezi kuchezwa bila ya kuunganishwa na kompyuta kuu za kampuni. The Crew, mchezo wa mashindano ya magari uliotolewa mwaka 2014, ulizimwa mwaka 2024, na hata waliokuwa wameununua kwa fedha zao hawakuweza kuucheza tena. Zamani mtu akinunua kitu kilikuwa chake hadi kichakae. Sasa kitu chaweza kufa kikiwa bado kizima mkononi mwa mwenyewe.

Hata hivyo juhudi zipo. Mwaka 2012 jumba la sanaa za kisasa la New York lilipokea michezo 14 katika hazina yake, pamoja na michoro na sanamu. Mwaka 2015 makumbusho ya The Strong, yaliyoko mji wa Rochester, yalianza kuitunukia heshima michezo iliyoacha alama duniani, na miongoni mwa ile ya kwanza zilikuwamo Pong, Pac-Man na Tetris. Wapo pia wapenzi wa kawaida, wasiolipwa, wanaotunga programu za kuigiza mashine zilizokufa ili michezo yake iendelee kuchezwa.

Bao letu

Msomaji anaweza kusema: sisi hatuna hofu hiyo, maana bao halihitaji umeme, betri wala idhini ya kampuni. Hilo ni kweli. Mashimo 32 yaliyopangwa katika safu nne, na kete 64 za komwe, ndiyo mashine yetu yote. Pasipokuwa na ubao, mashimo huchimbwa ardhini. Lakini tukitulia tutaona kwamba ubao si mchezo. Mchezo umo katika vichwa vya wachezaji. Humo ndimo zilimo sheria za nyumba na za kichwa, namna ya kunamua kete 22 zilizo mkononi, wakati wa kutakata, na hesabu ndefu za mtaji ambazo fundi huzimaliza akilini kabla ya kunyanyua kete hata moja.

Katika mtaa tuliokulia palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa bao. Kila alasiri watu walimzunguka. Alikuwa na namna yake ya kuilinda nyumba, akiiacha ionekane kama mawindo rahisi, hata mpinzani akaikimbilia na kujikuta safu yake ya mbele imekauka. Hapo mzee angesema "bao hamna" kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole. Alitufundisha kucheza, lakini ile siri ya nyumba hatukuwahi kumwuliza. Sisi ambao kazi yetu kwa miaka mingi imekuwa kuandika mihutasari na kutunza majalada, ambao kila barua ya ofisi tuliipa namba na kuipeleka masjala, hatukuandika juu yake hata ukurasa mmoja. Alipofariki tulikwenda kuwapa pole jamaa zake. Ubao wake ulikuwa umeegemezwa ukutani, na kete zilikuwa ndani ya kopo. Tulizihesabu tukapata 59.

Kete tano zilizopungua zingeweza kupatikana chini ya mkomwe wowote. Kile kilichopotea pamoja na mzee yule hakipatikani popote. Kwa hiyo tunapoisoma habari ya maabara iliyofumua mchezo wake, hatuna haki ya kuicheka. Wao walibaki na michoro iliyowawezesha kujenga upya.

Si kwamba hakuna aliyefanya kazi hii. Mtaalamu Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mafundi wa bao wa Zanzibar, akajifunza kwao, na mwaka 1995 akachapisha kitabu juu ya umahiri wao. Twamshukuru. Lakini shukrani hiyo itukumbushe pia kwamba mafundi wale walikuwa majirani zetu kabla ya kuwa walimu wake. Hayati Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1962 alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alikuwa mchezaji wa bao. Hakuona kwamba kuongoza taifa na kuinamia kete ni mambo yasiyopatana.

Hitimisho

Hatukuandika makala haya ili kuwakataza vijana michezo ya video. Kijana anayekaa saa nzima akitafuta njia ya kuivuka ngazi iliyomshinda anafanya kazi ile ile ya akili aliyoifanya mzee wetu barazani. Wala hatusemi kwamba cha zamani ni bora kwa sababu ni cha zamani. Tunasema kwamba wenye michezo ya kioo, katika muda usiofika miaka 70, wamekwisha kujua kwa uchungu kuwa mchezo usiochezwa hufa, na sasa wanahangaika kuokoa kilichobaki. Sisi tuna nafasi ya kujifunza kwa hasara ya wenzetu kabla hatujaikamilisha ya kwetu.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa walimu na wanafunzi wa shule za sekondari. Kila shule ina wazee wanaoizunguka. Mwanafunzi aende kwa mzee mmoja na daftari, aandike jina la mchezo, idadi ya mashimo na kete, sheria zake, maneno yanayotumika, na zile hila ambazo mchezaji huzitoa kwa shida. Yule mwenye simu arekodi mchezo mzima kutoka kete ya kwanza hadi ya mwisho, kwa idhini ya wachezaji. Daftari hizo ziwekwe katika maktaba ya shule na zipewe namba, kama tunavyofanya masjala. Kisha wanafunzi waketi, wacheze. Daftari bila ya mchezaji ni sawa na kaseti bila ya mashine.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Nyumba yenye watu wengi huhitaji mikeka yote miwili. Ule mpya utandikwe kwa ajili ya wageni na vijana, na ule wa zamani ukung'utwe, ushonwe palipotatuka, utandikwe barazani, watu waendelee kuukalia.